Milango Kumi ya Wilhelmina

Jumatatu, 2 Juni

Nathaniel amepiga simu kutoka Dodoma kabla sijamaliza uji. Shikamoo baba, umeamkaje, presha inasemaje. Nikajua kuna jambo. Mwanangu huyu akianza na presha kabla ya mpira, kuna jambo.

Jambo lenyewe: Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 14, anakuja kwa misa ya mwaka ya mama yake. Baada ya misa tukae tuzungumze kuhusu nyumba. Machibya amempigia. Anataka kuinunua!

Machibya, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, hapa hapa Kirumba! Jana tu amenipa papai.

Nathaniel anasema kupangisha ilikuwa kazi ya mama. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye pamba, na pamba haina maneno. Tangu Wilhelmina afariki milango miwili iko mitupu, na mpangaji akinisalimia vizuri nasahau nilichomwendea. (Kweli. Lakini wanasalimia vizuri mno.) Eti tuuze, nikakae naye Dodoma. Ana chumba cha wageni chenye feni.

Nikamwambia nyumba hii mama yako aliijenga kwa dagaa, gunia kwa gunia, miaka kumi na tisa. Mgeni gani mimi, wa feni?

Kisha akasema haya baba, tufanye hivi. Nikija nikakuta milango yote imejaa watu, sitataja kuuza tena. Nikikuta hata mmoja mtupu, tunamuuzia Mzee Machibya, na wewe unapanda basi na mimi. Nikasema nimekubali. Akauliza, ni milango minane bado?

Nikasema kumi.

Sijui imetoka wapi. Machibya ana tisa.

Jumanne, 3 Juni

Nimeitafuta hiyo kumi. Vyumba sita vinavyozunguka ua. Fremu mbili za barabarani: moja ya Taher, anayeuza spea za injini za boti, na moja iliyokuwa saluni, sasa tupu. Hiyo ya saluni zamani ilikuwa sebule yetu. Wilhelmina aliikatia mlango wa barabarani Nathaniel akiwa darasa la nne, na kijana akamalizia shule ya msingi akiandikia juu ya gunia la dagaa. Hajasahau.

Jumla minane. Wa tisa, chumba changu cha kulala. Wa kumi, stoo. Mlango ni mlango!

Nimenunua kopo dogo la rangi ya bluu nikapaka namba, moja mpaka kumi. Saba imechuruzika kidogo. Wilhelmina hakuhitaji namba. Kwake kila mlango ulikuwa na mtu: kwa Masalu, kwa mwalimu, kwa Mkerewe. Chumba cha sita mpaka leo ni kwa Mkerewe, na Mkerewe alihama kabla ya korona, na aliyemfuata alitoka baada ya msiba.

Machibya akavuka barabara, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akasoma namba moja moja kwa sauti. Alipofika tisa akauliza, Revo, hapa si ndipo unapokoroma? Nikamwambia ni mlango halali wa nyumba hii. Akasema vizuri, basi na yeye akirudi nyumbani atakihesabu kibanda cha kuku. Akacheka mpaka akashika ukuta. Rangi ilikuwa mbichi. Amekwenda kwake na kiganja cha bluu, na hajui.

Siku nzuri.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwendea Ngosha, dalali. Ofisi yake ni kiti cha plastiki mbele ya duka la vocha. Ana simu tatu na zote zinaita. Utaratibu wake unajulikana: mpangaji analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja juu yake inakuwa ya dalali.

Nimempa amri moja tu. Kila mlango wenye namba uwe na mtu kabla ya tarehe 14.

Akauliza, kila mlango, mzee wangu? Nikasema kila mlango. Akaanza, yaani hata ule wa... Nikamkatisha. Dalali ukimwachia aulize maswali anakuona huna msimamo. Nikamwambia kazi yangu ni kuamua, kazi yake ni kujaza. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu: KILA MLANGO. Nikamwambia aongeze na tarehe.

Nilivyotembea kurudi nyumbani! Kama mtu mwenye ghorofa.

Alhamisi, 5 Juni

Leo kwa Taher. Nilivaa koti. Azma: kupandisha kodi ya fremu yake. Haijapanda tangu enzi za marehemu baba yake, Mzee Amirali, mpangaji wa kwanza kabisa wa Wilhelmina. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Bwana Taher, hali ya maisha imebadilika. Bwana Taher, hali ya maisha imebadilika.

Nikaingia. Taher akapandisha miwani kwenye paji la uso, akanipa shikamoo, akanipa kiti, akaagiza chai ya maziwa na bakuli la chevda, ile ya viazi na karanga. Akaniuliza ninakulaje siku hizi. Akasema mama yake, Mama Kausar, bado anamtaja Wilhelmina kila akiona dagaa. Wilhelmina ndiye pekee aliyekuwa akimletea dagaa waliochambuliwa vichwa, kwa sababu alijua macho ya bibi hayaoni vizuri. Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo nilikuwa naona ana bakuli la vichwa vya dagaa na sikuuliza ni vya nini.

Tukalia kidogo, Taher na mimi, katikati ya mapangaboi ya injini.

Nimetoka pale nimekubali kuziba bati linalovuja, kupaka rangi upya mbele ya duka, na kutogusa kodi mpaka mwaka kesho. Pia nimepewa chupa ya achari.

Lakini! Nikiwa mlangoni Taher akasema anatafuta stoo ndogo ya kuwekea injini. Nikageuka kama askari. Nikamwambia ninayo! Namba kumi! Jumatatu itakuwa tayari! Akasema sawa mzee, nitalipa ya miezi sita.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Mtaa mzima unanukia pilau. Kwa Taher wameniletea sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Machibya hakuletewa. Nimekula nje ili aone.

Halafu nikaanza kutoa vitu stoo. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Nimemaliza alasiri.

Maturubai manne ya kuanikia dagaa. Mabeseni saba. Buti zake za mpira, magamba bado yamegandia kwenye visigino. Kanga yake ya kazini. Wilhelmina hakuwa na daftari la wapangaji. Mpangaji akichelewesha alipiga fundo kwenye pindo la kanga, akilipa anafungua. Alikuwa akipita uani mafundo yakionekana, bila kumsemesha mtu, na kufika jioni yamefunguka yote. Kanga hii ina mafundo mawili. Nimeyashika. Sijui ni ya nani. Nimeyaacha hivyo hivyo.

Sikuweza kutupa kitu. Nimefunga kila kitu kwa kamba nikarundika chumbani kwangu. Mabeseni chini ya kitanda, maturubai juu ya kitanda, buti kwenye kiti. Nimejibanza pembeni ya godoro. Si kitu. Mlango wa kumi umejaa! Imebaki miwili tu, kwa Mkerewe na saluni.

Jumatatu, 9 Juni

Fikra mpya, na ni kubwa. Kulinda nyumba tu haitoshi. Nathaniel lazima aone kwamba mali ya mama yake inakua!

Pale Kisesa tuna kiwanja kando ya barabara. Wilhelmina alikinunua mwaka aliopata bei nzuri ya dagaa, na hakuwahi kukigusa, kasoro kupanda mihogo. Nitaweka msingi wa fremu mbili. Nathaniel akija nitampeleka auone kwa macho yake. Milango kumi na miwili! Machibya atalazwa.

Ngosha ameanza vizuri: saluni imepata fundi cherehani, malipo ya miezi sita yameingia kwenye simu. Ya Taher ninayo pia. Nimemwachia Ngosha bunda zima la funguo ili asipate kisingizio. Nimemwambia sitaki kusumbuliwa na maelezo, nataka matokeo. Naondoka na begi dogo, nitalala kwa binamu yangu Pius.

Jumanne, 10 Juni

Kisesa. Upepo, vumbi, furaha. Fundi Yakobo amechimba tangu alfajiri, mimi nimesimama juu ya rundo la mawe nikionyesha kwa kidole. Pius akauliza kwa nini nisisubiri kwanza hiyo misa ipite. Nikamwambia ndiyo maana yeye mpaka leo ana nyumba moja.

Saa saba mchana Ngosha akapiga. Mzee wangu, kazi imekwisha! Leo wameingia wawili kwa mpigo, wamelipa taslimu miezi sita sita, mikataba imegongwa mhuri wa mtaa, hakuna mlango uliobaki. Nikamwambia Ngosha, wewe ni mwanaume! Nikamwambia anitumie yote. Akatuma.

Wawili, alisema. Nilikuwa nimebakiza mmoja. Nilihesabu tena njiani kwenda duka la vifaa na bado nikapata mmoja. Lakini hesabu inayozidi haijawahi kunikera. Nikanunua saruji na nondo, nikamlipa Yakobo na wenzake, na kabla jua halijazama kila shilingi ilikuwa imekwishafukiwa ardhini.

Nimempigia Nathaniel. Nimemwambia milango yote kumi imejaa. Akasema baba, kweli? Sauti yake ilibadilika. Sijamsikia hivyo tangu siku ya mazishi.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi. Mlango namba tisa una pazia la maua ya njano.

Mimi sina pazia la maua ya njano.

Nikabisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe. Akafungua dada mmoja wa makamo, sare ya unesi, ufagio mkononi. Akapiga goti kidogo, shikamoo mzee. Nikaitikia marahaba. Akasema anaitwa Queen, na bila shaka mimi ndiye mzee mwenye nyumba nimefuata mizigo yangu iliyobaki, ameipanga vizuri pale pembeni, hakugusa kitu. Kwa kweli hakugusa. Hata buti amezisimamisha pamoja, kama Wilhelmina alivyokuwa akiziweka.

Nilikwenda kwa Ngosha karibu mbio. Nikamuuliza amepataje wazimu wa kupangisha kitanda changu! Akanionyesha kiganja. KILA MLANGO. Akasema namba umeipaka mwenyewe, mzee wangu. Akasema yeye alifungua akakuta mabeseni yamefungwa, maturubai yamefungwa, buti ziko juu ya kiti, na mimi nimeondoka na begi kwenda Kisesa. Mtu yeyote angejua nahama. Alitaka kunipigia aulize, akakumbuka sitaki maelezo.

Nikarudi niongee na Queen. Nilijiandaa kumwambia kuna makosa yamefanyika. Alikuwa amechemsha chai. Akasema pole na msiba, mzee, wapangaji wameniambia. Akasema chumba alichotoka huko Nyegezi kilikuwa kikiingiza maji, na mama yake mgonjwa anakuja kukaa naye Jumapili, na hajapata usingizi mzuri kama wa jana kwa miezi mingi.

Na kumrudishia pesa yake siwezi. Pesa yake ni msingi. Mvua ikinyesha itaota nyasi.

Nikakaa kwenye ngazi nikafikiri. Nikimtoa Queen, mlango wa tisa unabaki mtupu. Mtu akilala mwenyewe kwenye nyumba yake si mpangaji, Nathaniel hatakubali. Mlango mtupu ni nyumba kuuzwa. Kwa hiyo Queen anakaa. Imeamuliwa! Anayepaswa kutafuta chumba ni mimi.

Leo nalala fremu kwa Taher, juu ya maboksi. Amenipa blanketi wala hakuuliza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezunguka Kirumba yote kutafuta chumba. Cha kwanza kilikuwa nyuma ya jiwe kubwa, ukisimama kichwa kinagusa jiwe. Cha pili mwenye nyumba hataki wajane wa kiume, anasema wanapika vibaya na kuunguza masufuria. Cha tatu nilikipenda, mwenyewe akaniuliza kazi yangu, nikasema ninapangisha nyumba, akadhani namkejeli.

Chumba pekee kilichobaki wazi mtaani ni cha Machibya. Namba tatu.

Nilivuka barabara mara mbili nikarudi. Mara ya tatu nikaingia. Nikamwambia Machibya nina mtu wangu anatafuta chumba, mtu mzima, mtulivu, hana kelele. Akafurahi sana. Akaanza kutaja masharti: miezi sita mbele, jiko la mkaa marufuku ndani, wageni mwisho siku tatu, zamu ya kufagia ua. Nikamwomba apunguze miezi. Akasema hapana. Nikasikia sauti yangu ikisema bosi wangu, nitazame kwa jicho la huruma, hata mitatu. Maneno hayo hayo wanayoniambia mimi!

Machibya akaweka kalamu chini. Akauliza, Revo, huyo mtu ni wewe?

Nikasema ni mimi.

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akasema mwaka ule mkewe alipoondoka, Wilhelmina alikuwa akimletea ugali na samaki furu, siku kumi na nne mfululizo, anauweka mlangoni, anakohoa, anaondoka. Nalo hilo nilikuwa sijui. Akasema miezi mitatu inatosha, na nitamlipa wapangaji wangu wengine wakilipa. Kisha akavuka barabara mwenyewe akalichukua godoro langu kwa Queen, akalibeba kichwani. Watu wakatoka madukani kutazama.

Njiani akacheka. Alicheka mpaka godoro likaanguka.

Jumamosi, 14 Juni

Misa ilikuwa nzuri. Padri alilitaja jina lote, Wilhelmina, bila kukosea. Wapangaji wote walikuja. Taher alikaa kiti cha nyuma na mama yake, Mama Kausar, ameshika mkongojo.

Tulipotoka Nathaniel akaanza kukagua, na suti yake. Nilimfuata nyuma nikihesabu kimoyomoyo. Mlango wa kwanza, mtu. Wa pili, mtu. Kwa Masalu watoto wanne walimwamkia kwa pamoja. Kwa Mkerewe kuna mpangaji aliyeletwa na Ngosha. Fundi cherehani akampima mabega akitaka kumshonea shati. Stoo, injini sita za Taher. Nathaniel akaanza kutabasamu. Akabisha namba tisa. Queen akafungua, akasema karibu kaka, na nyuma yake ukutani pakaonekana alama za kalamu tulizokuwa tukimpimia Nathaniel urefu kila Krismasi.

Akageuka polepole. Akaniuliza, baba, wewe unalala wapi?

Nikanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Machibya alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akatupungia mkono.

Nathaniel akakaa chini pale pale kwenye ngazi, na suti. Sikujua kama analia au anacheka, mabega yalikuwa yanatikisika tu. Nilipoinama nikaona ni vyote viwili. Akasema alipokuwa mdogo alilia mama yake alipopangisha sebule, na mama akamwambia sebule ni ya kukaa wageni, lakini kodi ndiyo itakayomsomesha. Akasema sasa baba nawe umepangisha kitanda. Akasema ahadi ni ahadi. Kumi ni kumi. Nyumba haiuzwi.

Haiuzwi!

Nikapiga kelele mpaka Mama Kausar akauliza kuna nini. Machibya akavuka kuja kusikia. Alipoelezwa masharti ya Nathaniel alihesabu kwa vidole. Yaani asingenipangisha, ningerudi namba tisa, na nyumba ingekuwa yake! Akajipiga paji la uso. Akasema kumbe nimekukomboa mwenyewe, na kwa punguzo!

Nathaniel amenitaka neno moja kabla ya chakula. Baba, niahidi. Milango iliyopo inatosha, na msingi wa Kisesa usubiri. Usiongeze, usikate, usipake namba popote. Miezi sita ya Queen ikiisha, urudi chumbani kwako utulie. Nikaahidi mbele ya wapangaji wote. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, 16 Juni

Nathaniel ameondoka na basi la asubuhi kutoka Nyegezi. Amelala siku mbili pamoja nami kwa Machibya, kwenye godoro lile lile, miguu ikitoka nje. Machibya amemhesabia kama mgeni wa siku mbili. Akasema imebaki moja.

Nimefagia ua wa Machibya. Zamu yangu ni Jumatatu. Mama yake Queen alikuwa amekaa juani kwenye ua wangu, akaniita niende kunywa uji. Nyumba imetulia. Wilhelmina angefurahi, nadhani. Au angekohoa tu akapita.

Nimerudi chumbani nikakaa. Nikakitazama chumba hiki vizuri kwa mara ya kwanza. Ni kirefu kuliko nilivyodhani. Kina madirisha mawili, moja la uani na moja la barabarani. Mtu mmoja anafanya nini na madirisha mawili? Hilo la barabarani ukilishusha mpaka chini ni mlango. Ukiweka ubao katikati, upande ule ni kibanda cha wakala wa simu, wala Machibya hatajua mpaka kimeshazoeleka. Na ahadi niliyompa Nathaniel ilihusu nyumba yetu. Hii si nyumba yetu.

Nimepima kwa hatua. Nane kwa tano.

Nimempigia Ngosha. Nimemwambia aje kesho, na safari hii pia asiniulize maswali.